Kartoni Chini ya Carina

Asubuhi tatu nimetandika kartoni chini ya gari
kama anayemtandikia mgonjwa,
na asubuhi tatu kartoni imenijibu kwa duara jeusi
pana kuliko kisahani cha chai.
Mama Nsimire wa nyumba ya chini amepanda mpaka ukutani:
"Oili yenu inashuka na mvua, inaingia kwenye lenga-lenga zangu."
Sikuwa na la kusema. Bukavu ndivyo ilivyo,
chako kikimwagika kinakuwa cha jirani.

Carina hii aliiacha kaka yangu Cirimwami,
usukani kulia, redio bubu,
na kitabu cha maelezo cha Kijapani
ambacho hakuna aliyekimaliza isipokuwa panya.
Fundi wa kwanza, kule Essence, alilala chini yake dakika tano,
akainuka na jibu: sili ya nyuma ya kranki.
Dola arobaini. Siku mbili, giaboksi chini.
Nikalipa.
Usiku ule ule:
to.
to.
to.

Murhula wa Nyamugo hakulala chini.
Alifungua boneti, akafunga mikono nyuma,
akauliza, "Huwa unaliegesha vipi?"
Pua juu, mkia bondeni, nikasema,
kuna namna gani nyingine kwetu?
Akacheka. "Basi oili inakimbilia nyuma.
Umeona inapodondokea. Bado hujaona inapotokea."

Akaosha injini kwa petroli na mswaki wa meno,
kwa subira ya anayemsafisha mtoto masikio;
matope ya Cimpunda ya miaka na miaka yakashuka,
chuma kikarudi kuwa chuma.
Kisha akamtuma kijana wake dukani:
"Unga wa muhogo, kikombe kimoja."
Nikadhani ni njaa.
Akaunyunyiza juu ya injini nzima,
Carina ikasimama nyeupe nje na ndani.
"Iwashe. Usikanyage. Tusubiri."

Tukasubiri. Mvua iliwaza kunyesha upande wa Kahuzi, ikaahirisha.
Na pale, nyuma ya kifuniko cha valvu,
pembeni kabisa, ambako mkono haufiki bila kuchubuka,
unga ukaanza kulowa.
Mstari mwembamba, wa kahawia,
ukashuka mgongoni mwa injini, ukaambaa ubavu wa giaboksi,
ukatua kama shahidi wa uongo
pale pale fundi wa kwanza alipoelekeza kidole.

Gasketi ilitoka vipande vipande, ngumu kama ukoko wa bugali.
Murhula akakwangua mabaki kwa kipande cha mbao, kisu alikikataa:
"Aluminiamu inakumbuka kila mkwaruzo."
Mpya, dola sita.
Akakaza nati kuanzia katikati kwenda nje,
spana fupi, vidole viwili, bila kumaliza nguvu zake.
Kijana akaja na spana ndefu ili asaidie,
akapigwa jicho, akairudisha.

Niliziwaza dola zangu arobaini.
Nikamwaza pia Cirimwami,
aliyelalamikia kiuno mwaka mzima
nasi tukamsugua kiuno mwaka mzima.

Jana usiku nikatandika kartoni mpya.
Alfajiri nikatoka na tochi, pekupeku.
Tone moja.
Nikapiga magoti kwenye mawe, nikaligusa, nikanusa kidole.
Jekundu.
Mawese! Kidumu cha soko la Kadutu
nilichokisahau kwenye buti, kifuniko kimelegea.

Mama Nsimire akafungua dirisha:
"Bado inavuja?"
"Hii," nikamwambia, "ikifika kwako, ungia lenga-lenga."